Karatasi inasema 6,500, mashine inasema 7,200

"Nimetoka Uyole mwanangu, nimepanda gari kuifuata hii bei, sa unaniambia nini?"

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi, mwaka 2022. Foleni imefika mpaka kwenye ndoo za plastiki, na mimi nimesimama katikati ya keshia ambaye machozi yako karibu na mama mmoja wa makamo, kitenge chini, sweta juu, mtandio kichwani (mwezi wa saba Mbeya sweta siyo fasheni, ni uhai). Mkononi ana chupa ya mafuta ya kula, lita moja. Ile karatasi ya njano pale mlangoni inasema 6,500. Mashine imesoma 7,200. Keshia kafanya alivyofundishwa, kasema mama bei sahihi ni ya kwenye kompyuta. Mama akamjibu jibu ambalo mpaka leo sijapata la kuweka juu yake: "Kompyuta ndo iliyoniita? Mi nimeitwa na karatasi yenu."

Mi ndo nilikuwa supavaiza. Duka lenyewe ni yale ya bei chee, matawi mikoani, ofisi kuu Dar, tangazo kwenye redio kila asubuhi. Jina silitaji, tuliachana kwa amani na kuna wadogo zangu bado wanapatia ugali pale. Miaka mitatu nimefungua na kufunga shata za lile duka pande za Mwanjelwa, kwa hiyo nikisikia mtu anasema "aa hawa wanauza rahisi kwa sababu wananunua mzigo mkubwa" huwa nacheka kidogo. Mzigo mkubwa ni kweli, ila hiyo ni robo ya stori.

Bosi wangu wa kwanza, mzee aliyekulia kwenye biashara tangu akiwa mtoto wa kufungua maboksi, alikuwa na usemi wake: kila mteja ana bei tano mdomoni. Sukari, mchele, unga, mafuta, sabuni ya mche. Ukimwamsha mama yeyote wa Mbeya saa nane usiku ukamuuliza sukari shilingi ngapi atakutajia kabla hajawasha taa. Hizo tano ndo anazotumia kukupima. Akikuta sukari yako iko chini ya mtaani kwa shilingi mia, basi kichwani kwake duka zima ni rahisi, hata chujio la chai analiamini. Na hapo ndo tulipokuwa tunakula sisi, kwenye chujio la chai. Hebu fikiria, nani anajua bei halali ya chujio la chai? Ni 1,500? Ni 3,000? Hujui, mimi sijui, mke wangu hajui. Henga, vibanio vya nguo, kopo la chumvi, soksi za mtoto, maua ya plastiki, vyote hivyo havina bei mdomoni mwa mtu, na huko ndiko faida ilikokuwa inakaa.

Kila Jumatatu mzee alikuwa ananichukua tunazunguka sokoni kwa miguu, Mwanjelwa ndani, tunatokea Kabwe, siku nyingine tunafika Sokomatola. Hakuna daftari, hakuna simu, maana muuzaji akikuona unaandika anakunyima bei au anakupa ya uongo. Unauliza kama mnunuzi, unashika kichwani, ukirudi stoo unaandika haraka kwenye ubavu wa boksi kabla hujasahau. Zile tano tulikuwa tunazijua kuliko tunavyojua namba za simu za wake zetu. Baadaye yule mzee akastaafu na ule mtindo ukafa, bei zikawa zinakuja kwa imeili.

Sasa ngoja nikuoneshe hesabu ya sukari maana ndo inayouma. Mzigo ulikuwa unatufikia kilo moja kwa 2,750, tunauza 2,800. Shilingi hamsini kwa kilo. Mfuko wa kilo 50 unakuachia 2,500, hiyo ndo faida yako kabla hujalipa umeme, mlinzi, na kijana aliyeubeba mgongoni kutoka kwenye gari. Sasa panya atoboe mfuko, imwagike kilo moja tu kwenye sakafu. Umepoteza 2,750. Gawanya kwa hamsini. Inabidi uuze kilo 55 nyingine bila kosa ndo urudi kwenye sifuri, yani zaidi ya mfuko mzima unauzwa kwa ajili ya panya. Ndo maana nasema bei rahisi inatengenezwa stoo. Ukiwa na mtu wa kufagia stoo, wa kupanga mifuko juu ya mbao isiguse sakafu, wa kukagua kila jioni, hiyo hamsini inabaki hamsini. Ukimwondoa huyo mtu ili kuokoa mshahara, umeokoa mshahara wake na umempa panya.

Na ndo walichofanya. Tulianza watu tisa, tukabaki watano. Ofisi ilipiga hesabu ya mishahara kugawanya kwa mauzo, ikaona Mbeya tunakula sana. Watano hao ndo makeshia, ndo wapanga shelfu, ndo wapokea gari, ndo wa kufagia, na usiku wa kuhesabu mzigo ndo wahesabuji. Na gari nalo lina mambo yake. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, ukitoka Dar unapanga lifike Alhamisi, lori likwame mlima Kitonga nyuma ya semi iliyolala, dereva alale Makambako, linakufikia Jumamosi saa sita mchana duka limejaa watu. Unafanyaje? Unashusha. Stoo imejaa, unaweka koridoni. Koridoni imejaa, unaweka mbele ya mlango wa nyuma. Kuna wiki nzima mlango wetu wa dharura ulizibwa na katoni za biskuti kutoka chini mpaka juu, na hilo nalisema kwa aibu kabisa, maana mtu wa Mbeya hahitaji kufundishwa moto wa sokoni ni nini, soko la Mwanjelwa la zamani liliungua 2006 na watu waliopoteza mitaji mle wengine hawajasimama mpaka leo.

Nilikuwa nadhani huu ni uzembe wetu wa Kiafrika, si unajua tunavyopenda kujisema. Siku moja usiku wa kuhesabu mzigo, nasubiri wenzangu wamalize upande wa sabuni, nikawa naperuzi simu nikakuta habari za maduka ya bei chee ya Marekani. Kuna hawa Dollar General, walifungua la kwanza la mtindo wa dola moja mwaka 1955 huko Kentucky, hakuna kitu kilichokuwa kinazidi dola, sasa hivi wana maduka karibu elfu ishirini, mengi vijijini kwenye watu wa kipato cha chini. Unajua shida yao ni nini? Mlango wa dharura umezibwa na maboksi! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuangalia. Wameandikiwa faini na idara ya usalama kazini mara nyingi mpaka baadaye, 2024, nimeshaondoka dukani, wakakubaliana kulipa dola milioni 12 na kuahidi kurekebisha. Wenzao Family Dollar ndo walikuwa na panya, siyo mmoja kama wa kwetu, ghala zima huko Arkansas, mwaka 2022 wakafunga kwa muda maduka zaidi ya 400 yaliyokuwa yanapata mzigo kutoka kwenye ghala hilo, na miaka miwili baadaye wakakiri kosa mahakamani na faini ikapita dola milioni 41.

Ila iliyonigusa zaidi ni ya Ohio. Mwaka 2022 mwanasheria mkuu wa jimbo hilo aliwashtaki Dollar General kwa kosa moja tu: shelfu inasema bei hii, mashine inasoma bei ile. Kesi ikaisha mwaka uliofuata kwa kulipa dola milioni moja. Nikasema kumbe. Kumbe yule mama wa Uyole angekuwa Ohio angepata mwanasheria wa serikali.

Maana watu wakiona bei mbili wanadhani ni wizi umepangwa. Kuna sehemu labda umepangwa, sibishi. Lakini ngoja nikuambie kwetu ile Jumamosi ilitokeaje.

2022 mafuta ya kula yalikuwa yamechanganyikiwa. Vita ya Ukraine imeanza mwezi wa pili, mafuta ya alizeti ya huko hayatoki, Indonesia nao mwezi wa nne mwishoni wakafunga kuuza mawese nje karibu mwezi mzima, kwa hiyo bei ilikuwa inabadilika kama hali ya hewa ya Tukuyu. Kila wiki imeili ya bei mpya. Ile wiki imeili iliingia Ijumaa saa tano na dakika arobaini usiku. Nimelala. Nimeiona saa kumi alfajiri, bidhaa 312 zimebadilika bei, na kwenye mfumo zimeshabadilika zenyewe tangu saa sita usiku, kompyuta haihitaji mtu. Karatasi ndo inahitaji mtu.

Saa kumi na moja alfajiri tuko wawili dukani, mimi na binti mmoja anayekaa karibu, Ilomba. Baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Rola ya lebo imeisha, tumeomba mpya wiki tatu zilizopita. Tukachapa kwenye A4, tukawa tunakata kwa mkasi, mmoja anakata mwingine anachomeka. Sa kama hujawahi kufanya hiyo kazi, pale mbele ya shelfu kuna reli ya plastiki nyembamba, lebo inakaa ndani yake, ya zamani unaitoa kwa kucha, na plastiki ikiwa ya baridi inakuwa ngumu kama mfupa. Lebo mia unatoa vizuri. Baada ya hapo kucha ya gumba inaanza kuachana na nyama. Saa mbili tunafungua tumefika mia mbili na kitu. Mafuta tulibadilisha, tena mapema, kwa sababu ni ya mdomoni. Tulibadilisha kwenye shelfu. Ila mafuta yalikuwa yamekaa sehemu mbili, shelfuni na ule mlima wa ofa pale mlangoni, na kwenye mlima kulikuwa na ile karatasi kubwa ya njano niliyoiandika mwenyewe kwa markapeni wiki iliyopita, mwandiko wangu mzuri kabisa, 6,500 TU.

Kwa hiyo wakati mama ananiuliza nani alimwita, jibu lilikuwa ni mimi.

Nikachukua ufunguo, nikafuta ile 7,200, nikaingiza 6,500 kwa mkono. Mama akalipa, akasema "asante baba, ndaga fijo," akaondoka, na mtu wa nyuma yake alikuwa na chupa tatu. Na wa nyuma ya huyo. Nilipofika mlangoni kuivua ile karatasi zilikuwa zimeshatoka chupa kumi na moja. Mara mia saba, 7,700. Jumatatu Dar wakauliza kwa nini kuna bei kumi na moja zimeingizwa kwa mkono, nikaeleza, wakasema sawa wamenielewa, na mwisho wa mwezi shoti ikakatwa kwenye mshahara wangu. 7,700 haiui mtu. Ila toka siku hiyo nilielewa kwa nini keshia anasema "bei ni ya kwenye kompyuta" hata akiona kwa macho yake mteja ana haki: akisema vinginevyo atalipa yeye. Duka likishafanya hivyo limeamua, bila kuandika popote, kwamba makosa ya karatasi atabeba mteja au keshia, yeyote mwenye sauti ndogo siku hiyo.

Mambo ya Dar na bei zao ningeweza kuandika kitabu. Hii ya mchele lazima niwape. Ofisi ikatangaza ofa ya mchele nchi nzima, kilo 2,800, mabango yakaja yamechapwa vizuri, picha ya sahani ya wali inafuka. Sawa, Dar labda ilikuwa ofa. Mbeya! Kyela iko hapo chini, Mbarali iko hapo, mchele unashuka sokoni kwa magunia na hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu kilo ilikuwa 2,200 na mama anakuongezea konzi. Yani tuliletewa mchele uliopita hapa hapa barabarani kwetu kwenda Dar ukafungwa kwenye mfuko ukapanda tena Kitonga kurudi, na sisi tuuite ofa. Wateja walikuwa wanasimama mbele ya bango wanapiga picha. Ule mzigo ulilala mpaka ukaanza kutembea wenyewe, wale wadudu weusi wadogo. Na ubaya wake siyo hasara ya mchele tu. Mchele ni wa mdomoni. Mtu akishacheka mchele wako, kesho anashtuka hata kwenye chujio la chai.

Afu wakaja na 4,999. Kuna mtu wa masoko alirudi mafunzoni, kila kitu kikaisha na tisa tisa. Huko kwa wenzetu inafanya kazi kwa sababu senti moja ipo, inarudishwa. Kwetu sarafu inayotembea inaanzia hamsini, na hamsini yenyewe unaitafuta kwa tochi. Vijana wa chuo, wale wa MUST, wakaona mchezo, wananunua kitu cha 4,999 wanatoa elfu tano wanasimama pale na risiti, "kaka shilingi yangu." Foleni nzima inacheka. Tukalalamika, Dar wakarekebisha ikawa 4,950, kidogo afadhali, ila sasa kila mteja anadai hamsini na droo ina hamsini saba. Ndo pipi zikaanza. Pipi moja badala ya hamsini, kiberiti badala ya mia. Mimi nilikuwa nakataza mbele za watu na kuruhusu kimya kimya, maana hakuna namna. Mwisho wa robo mwaka tunahesabu mzigo, pipi zimepungua mia sita na kitu, hazijapigwa kwenye mashine hata moja, kwenye ripoti zimeandikwa upotevu, na ofisi ikaniandikia barua kuuliza kama nina tatizo la wizi wa pipi. Ndo nikajifunza kwenda kwa mhazini wa kanisa letu Jumapili mchana. Sadaka ina sarafu, yeye anataka noti za kupeleka benki, mimi nataka sarafu, tunahesabu pale kwenye benchi la nyuma tunabadilishana. Miezi ya mwisho duka zima liliendeshwa kwa hamsini za sadaka na hakuna mtu Dar aliyejua.

Sasa kuna swali watu huwa wananiuliza, kwamba kama nyie mlikuwa chini kwa bei mbona duka la Mkinga pale jirani halikufa? (Kwa mtu wa mbali: huku nyanda za juu muuza duka wengi wanamwita Mkinga hata kama siyo, kama Dar wanavyosema kwa Mangi, maana Wakinga wa Makete biashara imewakaa damuni.) Halikufa kwa sababu alikuwa hauzi kitu kile kile. Lita yetu 6,500 ni rahisi, ila lazima uwe na 6,500. Yeye ana kipimo cha mia tano, kama mililita 70 hivi, anakufungia kwenye kimfuko. Piga hesabu, lita kwake inapita 7,100, ghali kuliko sisi kabla hatujapandisha. Lakini mama mwenye jero jioni na watoto wanne hanunui lita, ananunua usiku wa leo. Na kama hana hata hiyo jero, lipo daftari. Kompyuta yetu haikuwa na kitufe cha daftari. Kwenye mwezi wa kwanza, ada na madaftari ya shule yamekausha kila mtu, sisi duka linapiga mwangwi na kwa Mkinga foleni. Mwezi wa saba mpaka wa tisa watu wameuza mpunga na viazi, hela ipo, wanakuja kwetu kubeba madumu. Dar walikuwa wanatupa lengo la mauzo lile lile Januari na Agosti. Huo mstari ulionyooka niliubishia miaka mitatu nikashindwa.

Na nje mlangoni kulikuwa na washindani wengine, machinga wa kila kitu buku. Ile spika yao iliyorekodiwa, kila kitu buku, buku tu, chagua mama chagua, masaa kumi mfululizo, mpaka nikienda kulala naisikia. Nawaheshimu sana kwa sababu wao hawana tatizo la lebo hata kidogo, bei ni moja na inasemwa kwa sauti. Ni wazo la zamani hilo, Woolworth wa Marekani alianza na duka la senti tano mwaka 1879. Shida ya bei moja ni kwamba bei haiwezi kusogea, kwa hiyo kinachosogea ni kitu chenyewe. Sahani ya buku ya miaka ile ukiidondosha ilikuwa inalia, ya sasa inajikunja. Dollar Tree nao walikaa na dola moja zaidi ya miaka thelathini, mwisho 2021 wakasalimu amri wakapandisha mpaka dola moja na robo, na mi nawaelewa, bora useme imepanda kuliko kuendelea kupunguza unene wa sahani mpaka mteja aone chakula kwa upande wa pili.

Waliofanya hii biashara kwa akili nadhani ni Wajerumani wa Aldi. Ni duka la mama mmoja lilianza Essen mwaka 1913, watoto wake wawili wakalirithi baada ya vita ya pili ya dunia, baadaye wakagawana kwa sababu ya kubishania kama wauze sigara au wasiuze (ndugu na biashara, kote ni kule kule). Ukiangalia wanavyookoa, kila kitu kinapunguza kazi kwanza kabla ya kupunguza mtu. Bidhaa chache, chini ya elfu mbili hivi wakati supamaketi kubwa zina makumi ya maelfu. Mzigo unakaa shelfuni kwenye katoni lake lile lile, hakuna kutoa kimoja kimoja. Bakodi inachapwa kubwa na pande kadhaa ili keshia asizungushe kitu kutafuta mstari. Toroli unaweka sarafu, unalirudisha mwenyewe. Ukishafanya yote hayo, sawa, endesha duka na watu wachache, maana kazi yenyewe imepungua. Sisi tulikuwa na bidhaa elfu nne na mia, vijiko tu aina kumi na tisa, lebo za kukata na mkasi, halafu tukapunguza watu. Tulikopi matokeo ya Aldi tukaacha mtihani.

Niliwahi kuandika hayo kwenye imeili kwa ofisi, tena kwa adabu, nikapendekeza tufute vijiko aina kumi na tano, bei zibadilike Jumanne tu na zije Jumatatu mchana, na lebo ikitofautiana na mashine mteja alipe iliyo ndogo na duka libebe. Nikajibiwa asante kwa maoni yako. Bei ziliendelea kuja Ijumaa usiku.

Niliondoka 2024 mwanzoni, kile kipindi sukari imeadimika. Wiki ile ilikuwa mbaya, serikali imetangaza bei elekezi, mzigo wa jumla haupatikani, mtaani kilo imepita 4,000, na sisi tuna mifuko sita tuliyopokea kwa bei ya zamani. Dar wakasema uza kwa bei ya zamani, kilo mbili kila mtu, na kwa kweli hapo niliwavulia kofia. Foleni ilizunguka jengo. Mle kwenye foleni nilimwona Mkinga jirani yangu kapanga na mke wake na vijana wake wawili, kila mtu kilo mbili zake, tukaangaliana, nikageuka upande wa pili. Kilo nane zile najua zilipimwa robo robo jioni kwa watu wa mtaa wetu, na bei aliyouza sikwenda kuuliza.

Sa hivi nina kafremu kangu Mafiati, kadogo tu, bidhaa mia na ishirini kama hivi, bei nimeandika kwa markapeni kwenye vipande vya boksi. Ikibadilika nageuza boksi naandika upande wa pili. Daftari la madeni ninalo, limeshanipiga mara mbili, ila ninalo.

Wiki iliyopita nilipita kwenye lile duka kununua betri za saa ya ukutani. Lebo 2,500, mashine 2,800. Keshia ni mgeni kwangu, binti mdogo, akaniangalia kwa ule wasiwasi ninaoujua. Nikamwambia weka tu dada, nikalipa 2,800. Kabla ya kutoka nikarudi kwenye shelfu, reli ya tatu kutoka chini, nikaitoa ile ya 2,500 kwa kucha ya gumba, nikaikunja nikaweka mfukoni. Mlinzi akaniita, "We mzee, umechukua nini hapo?"